Sehemu ya Pili Imeifikia ya Kwanza? Namna ya Kupima, kwa Mfano wa Indiana Jones

Sehemu ya pili ya muvi kubwa ikitoka, ubishi huwa uleule. Huyu anasema imeifunika ya kwanza, yule anasema wameiharibu, na ukiwauliza sababu wote wawili wanakusimulia vipande vilivyowafurahisha au vilivyowachukiza. Ubishi wa hivyo hauna mwisho, maana hakuna aliyesema anapima nini. Mwongozo huu ni wa anayetaka kupima kwa haki: aipe filamu mpya sifa inazostahili, asiisamehe pale ilipozembea, na aweze kumweleza mwenzake sababu hata kama hawatakubaliana.

Nitatumia mfululizo mmoja tu, Indiana Jones, kwa kuwa una kila hali tunayoihitaji. Raiders of the Lost Ark ilitoka mwaka 1981 na karibu kila aliyeiona aliipenda. Ikafuata Temple of Doom mwaka 1984, iliyowagawa watazamaji, halafu Last Crusade mwaka 1989, iliyowarudisha pamoja. Kisha zikaja mbili baada ya miaka mingi, stelingi akiwa ameshazeeka: Kingdom of the Crystal Skull mwaka 2008 na Dial of Destiny mwaka 2023. Nne za mwanzo ziliongozwa na Steven Spielberg, ya tano na James Mangold. Harrison Ford ndiye Indy, yaani Indiana Jones mwenyewe, mwanaakiolojia msaka vitu vya kale, katika zote tano, na muziki wa zote ni wa John Williams. Nitaeleza zinavyoisha bila kuficha, kwa hiyo kama kuna ambayo hujaitazama na hutaki kuharibiwa utamu, itazame kwanza ndipo urudi.

1. Itazame upya ya kwanza, kalamu mkononi

Kumbukumbu hubakiza vitu vikubwa. Aliyeitazama Raiders zamani anakumbuka kofia, mjeledi, nyoka, na lile jiwe la mviringo linalombiringikia Indy pangoni. Hivyo ni vitu vya kwenye bango. Ukidhani ndivyo vilivyoifanya filamu ipendwe, utairidhia sehemu ya pili yoyote yenye kofia na mjeledi, na watengenezaji wanalijua hilo vizuri.

Wakati unaitazama upya, jibu maswali matatu: stelingi anataka nini, anakipata au anakikosa, na njiani inamgharimu nini. Kwa Raiders majibu yanashangaza. Mwaka ni 1936, Indy yuko msituni Peru. Amepita mitego yote, amechukua sanamu ndogo ya dhahabu, amelikimbia jiwe, ametoka nje akiwa na utando wa buibui mwili mzima. Hapo nje anamkuta Belloq, mpinzani wake, amezungukwa na watu wenye mishale, na sanamu inamtoka mkononi. Hata robo saa haijaisha, stelingi ameshapigwa bao. Baadaye analipata Sanduku la Agano, linachukuliwa. Analipata tena, linachukuliwa tena. Mwishoni kabisa amefungwa kwenye nguzo pamoja na Marion, mpenzi wake wa zamani, na kitu pekee anachoweza kufanya ni kufumba macho. Sanduku lenyewe linaishia kwenye kreti, ndani ya ghala la serikali ya Marekani, na yeye haruhusiwi hata kuliona.

Zaidi ya hapo, hana mpango. Kabla ya kulifuata lori lililobeba Sanduku, rafiki yake Sallah anamuuliza atafanyaje. Anamjibu kwamba hajui, anabuni hapohapo.

Ukimaliza, yabane majibu yako yawe sentensi moja. Yangu kwa Raiders ni hii: mtu anayejua mengi lakini hana mpango, kila hatua inamuumiza, na mwisho anakikosa alichokifuata. Hicho ndicho kipimo nitakachoenda nacho kwa nyingine zote. Filamu yako itakuwa na sentensi nyingine kabisa. Jurassic Park ya mwaka 1993, kwa mfano, nguvu yake haiko kwa stelingi hata kidogo. Iko kwa watu waliotengeneza kitu kisha kikawashinda kukidhibiti. Sehemu ya pili isiyogusa jambo hilo inaweza kuwa na dinosaria wengi mara tatu na bado ikapwaya.

Hatua hii usiiruke. Ukikosa sentensi, hatua zinazofuata zitakuwa maoni tu.

2. Sawazisha namna ulivyotazama

Wengi wetu ya kwanza tuliiona utotoni, kwenye kibanda umiza au sebuleni kwa jirani, watu wamejazana, kila ngumi inapokelewa kwa kelele. Sehemu ya pili tukaja kuiona ukubwani, kwenye simu, peke yetu, tukiwa tunajibu meseji katikati. Hapo huwezi kulinganisha filamu kwa filamu, unalinganisha umri wako na umri wako.

Muvi iliyosimuliwa ni hivyohivyo. Msimulizi hodari kama DJ Afro wa Kenya au Lufufu wa Tanzania haishii kutafsiri. Anawapa wahusika majina, anaongeza utani, anakueleza moyo wa adui kabla adui mwenyewe hajafungua mdomo. Nazipenda sana kazi hizo, na naamini zimewafundisha watu wengi kupenda sinema kuliko shule yoyote. Lakini kama ya kwanza uliiona imesimuliwa na ya pili ukaiona yenye maandishi ya chini, usishangae ya pili ikionekana imepoa. Zitazame zote mbili kwa namna moja, ndipo uhukumu.

3. Uliza mwendelezo umekuja na swali gani jipya

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hollywood hilo liko wazi: ya kwanza ikifanikiwa, ya pili hupewa fedha nyingi zaidi, milipuko mingi zaidi, dakika nyingi zaidi. Raiders ina dakika 115. Dial of Destiny ina dakika 154. Ukubwa haujibu swali lolote. Cha kuuliza ni kama ile sentensi yako imepelekwa mahali ambapo ya kwanza haikufika.

Temple of Doom ilikuwa na swali zito: itakuwaje kama adui hamwibii stelingi kitu, bali anamwibia yeye mwenyewe? Indy analazimishwa kunywa damu, anapumbazwa, anakuwa mmoja wao, anampiga kibao Short Round, mtoto anayemwamini kuliko mtu yeyote. Mtoto huyo ndiye anayemzindua kwa kumchoma na mwenge. Raiders haikuthubutu kufika huko. Belloq alimwambia tu Indy kwamba inahitaji msukumo mdogo ili afanane naye. Ni Temple iliyomsukuma kweli.

Kuna jambo moja la kuzingatia. Temple inatokea mwaka 1935, yaani mwaka mmoja kabla ya matukio ya Raiders. Kwa hiyo usiidai imwonyeshe Indy aliyejifunza kutoka Raiders. Unachoweza kuidai ni isipingane nayo, na hapo inapingana: katika Raiders anamwambia rafiki yake Marcus Brody kwamba haamini mambo ya uchawi na ushirikina, ilhali mwaka mmoja nyuma ameona kwa macho yake mawe yanawaka moto yenyewe. Kwangu ni dosari ndogo. Mwingine anaweza kuiona kubwa, na ana haki.

Swali la Last Crusade ni jepesi kusikia na gumu kuliandikia: huyu mtu asiyeogopa chochote isipokuwa nyoka, akisimama mbele ya baba yake anakuwaje? Jibu ni kwamba anakuwa mtoto. Sean Connery, aliyemzidi Ford miaka 12 tu, anamwita Junior filamu nzima, na kila anapomwita hivyo unaona kitu kinamchoma Indy usoni. Kikombe alichotumia Yesu katika Karamu ya Mwisho wanakitafuta kweli, lakini kinachotafutwa hasa ni baba kumtambua mwanawe.

Ya nne, Crystal Skull, sikuliona swali lake. Ina mtoto wa kiume aliyefichwa, ina Marion aliyerudi, ina mwaka 1957 na Warusi badala ya Wajerumani, ina viumbe kutoka nje ya dunia yetu. Yote hayo ni mambo mapya. Ila ukiuliza inataka kujua nini kuhusu Indy ambacho hatukukijua, jibu linasitasita.

4. Chukua tukio moja la hatari kila upande, uliweke karibu na macho

Hapa ndipo utakapojua ukweli, kwa hiyo hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Usilinganishe filamu nzima kwa filamu nzima. Chagua mbio moja kutoka ya kwanza na mbio moja kutoka mwendelezo, uzitazame mara mbili mbili, mara ya pili ukiwa umezima sauti. Ukizima sauti muziki hauwezi kukudanganya, na utajua kama unaelewa nani yuko wapi na anataka kufika wapi.

Kwa Raiders chagua lori. Indy anatoka na farasi, anaruka kuingia kwenye lori linalokwenda kasi, anamtupa dereva nje, anashika usukani. Askari wanatambaa pembeni ya lori kumfuata. Mmoja anampiga risasi mkononi. Sasa tazama kinachofuata: askari anayeingia ndani ya lori halengi kichwa, analenga kile kidonda. Anapiga ngumi palepale, tena na tena, na Indy analegea. Anarushwa nje kupitia kioo cha mbele, ananing'inia kwenye pua ya lori, vyuma anavyovishika vinakatika kimoja kimoja. Anaingia chini ya lori, anaburutwa nyuma kwa mjeledi wake mwenyewe, anapanda tena kwa mikono. Aliyeburutwa ni Terry Leonard, fundi wa mikiki ya hatari, na barabara ilichimbwa katikati ili apate nafasi ya kupita. Mwili wa mtu halisi uko chini ya gari halisi, na jicho linajua.

Lakini bora kuliko yote ni kinachokuja baada ya mbio. Indy na Marion wako kwenye meli, usiku. Marion anageuza kioo kujitazama, upande wa pili wa kioo unamgonga Indy kidevuni, anapiga yowe. Kila anapoguswa panauma. Marion anamuuliza kwa hasira, basi ni wapi pasipouma? Anaonyesha kiwiko, anabusiwa. Anaonyesha paji la uso, anabusiwa. Anafika mdomoni, na anasinzia. Filamu imesimama kabisa ili kumlipisha stelingi deni la mbio za lori. Ndiyo maana mbio zinazofuata unazihofia.

Sasa weka pembeni yake kifaru cha Last Crusade. Waandishi wameirudia mikiki ya lori makusudi, hata farasi yupo. Indy ananing'inia kwenye mzinga wa pembeni, kifaru kinamkwaruza kwenye ukuta wa mwamba. Kisha kifaru kinatumbukia kwenye genge. Baba yake, Sallah na Brody wanasogea ukingoni, wanatazama chini, wanaamini amekufa. Mzee anasema mambo ambayo hakuwahi kuyasema. Nyuma yao Indy anajikongoja, anafika, naye anachungulia chini pamoja nao kuona wanatazama nini. Mzee anamkumbatia kwa nguvu. Sekunde chache baadaye, Indy amekaa chini hana hata pumzi, mzee anamuuliza kwa nini anapumzika ilhali wamekaribia kufika. Gharama ya mwili ipo, gharama ya moyo ipo, na kicheko kipo juu yake. Tukio hili limeifikia Raiders, na nathubutu kusema kwa upande wa moyo limeipita.

Kwa Temple usichukue vigari vya mgodini, japo ndivyo watu hukumbuka. Vinasisimua, na Indy anavisimamisha kwa kukanyaga gurudumu mpaka soli zinatoa moshi, lakini mara nyingi unaona vinasaidiwa na sanamu ndogo na mapambo ya studio. Chukua daraja la kamba. Amezingirwa pande zote mbili, hana pa kwenda, anajifunga kamba mguuni na mkononi, anainua panga na kulikata daraja alilosimama juu yake. Mtu asiye na mpango kajitengenezea mpango mbaya kuliko yote, na hatuna shaka anaweza kufa nao.

Halafu Crystal Skull. Indy anajifungia ndani ya friji, bomu la nyuklia la majaribio linalipuka, friji inarushwa angani mbali sana, inagonga ardhi, inabiringika. Mlango unafunguka, anatoka, anasimama, analitazama wingu. Tukio linalofuata anasuguliwa mwili kuondoa mionzi na kuhojiwa na maofisa. Hakuna kiwiko, hakuna paji la uso, hakuna kidonda. Baadaye gari lenye watu watano linashuka maporomoko matatu ya maji mfululizo, wote wanatoka wameloa tu. Watu wengi walilalamika kuwa friji haiwezekani. Raiders nayo ina mambo yasiyowezekana tele. Shida ya friji ni kwamba haimgharimu kitu, na kuanzia hapo tunajua hakuna kitakachomgharimu.

Wala usiseme ni kosa la picha za kompyuta. Katika Raiders yule nyoka aina ya swila anayemtishia Indy ana kwa ana alikuwa ametenganishwa na Ford kwa kioo. Sinema yote ni hila. Cha kupima ni kama hila hiyo inakuacha uogope.

5. Tazama waliorudi wamefanywa nini

Wahusika wa zamani wakirudi tunafurahi kabla hawajasema neno, na furaha hiyo huficha mengi. Marcus Brody wa Raiders ni msomi mwenye heshima, mtu wa jumba la makumbusho, ndiye anayemwonya Indy kwamba Sanduku si jambo la kuchezea. Brody wa Last Crusade ni mzee anayepotea njia. Indy anawatambia Wajerumani kwamba Brody anajua lugha kibao na atajichanganya na wenyeji asionekane, na picha inakatika kwenda kwa Brody katikati ya umati, anatangatanga akiuliza kama kuna anayejua Kiingereza. Ukumbi mzima hucheka, nami hucheka. Ila lazima iandikwe kwenye karatasi: kicheko hicho kimenunuliwa kwa heshima ya mtu tuliyempenda. Last Crusade naipenda sana, na hapo imekosea.

Marion naye. Katika Raiders tunamkuta Nepal, ana baa yake, anamshinda mwanaume mzima kwa kunywa pombe, na anapomwona Indy baada ya miaka mingi anampiga ngumi. Katika Crystal Skull amerudi kwa tabasamu, anaendesha gari, na kazi yake kubwa ni kuwa mama wa Mutt, yule mtoto wa Indy aliyefichwa. Karen Allen, anayemwigiza, alistahili zaidi.

Wapya pia wapime. Short Round, aliyeigizwa na Ke Huy Quan akiwa mtoto, anamwokoa stelingi na kubeba nusu ya moyo wa Temple. Willie Scott, mwimbaji anayesafiri nao katika filamu hiyohiyo, amepewa kupiga kelele karibu mwanzo hadi mwisho.

6. Adui, na watu wa nchi inayoonyeshwa

Belloq alikuwa mzuri kwa sababu ni Indy aliyegeuzwa upande. Mola Ram wa Temple ni wa aina nyingine, anatisha tu, na anatisha kwelikweli. Alichezwa na Amrish Puri, ambaye wapenzi wa filamu za Kihindi wanamjua zaidi kama Mogambo wa Mr. India ya mwaka 1987.

Sasa niseme bila kuzungusha. Temple ina karamu ya ikulu ambamo Wahindi wanakula nyoka hai, supu ya macho na ubongo wa nyani. Sisi tuliokua jirani na Wahindi, tukala kwao na wao wakala kwetu, tunajua huo ni uongo wa kuwachekesha watu wasiomjua Mhindi. Serikali ya India ilidai mabadiliko kwenye hadithi kabla ya kutoa kibali, na mwisho waigizaji wakapelekwa Sri Lanka. Kuna watakaosema haya hayahusiani na ubora wa filamu. Yanahusiana. Raiders nayo inawachora Waarabu kwa haraka haraka, lakini inamtoa Sallah, mtu mwenye familia, ucheshi na msimamo. Temple imerudi nyuma, na hukumu yoyote ya haki inapaswa kuipunguzia hapo.

7. Vikumbusho: vina kazi au vimepachikwa?

Kila mwendelezo una vipande vya kumkumbusha mtazamaji ya kwanza. Jaribu hivi: mtu ambaye hajaiona ya kwanza, kipande hicho kitamfanyia nini?

Katika Raiders, Indy anakutana na mtu mwenye upanga Cairo, jamaa anauzungusha kwa mbwembwe, Indy anachomoa bastola na kumpiga risasi moja, basi. Yalikuwa yamepangwa mapigano marefu, ila Ford alikuwa anaumwa tumbo huko Tunisia walikopiga picha, wakafupisha. Katika Temple wanamjia wenye panga wawili. Anatabasamu, anapeleka mkono kiunoni kwa kujiamini, na mfuko wa bastola ni mtupu. Asiyeiona Raiders atacheka, aliyeiona atacheka zaidi, na Indy yuko taabani kuliko mwanzo. Hicho ni kikumbusho chenye kazi.

Crystal Skull inaanzia kwenye ghala lilelile. Kreti inavunjika, tunaliona Sanduku la Agano kidogo, safari inaendelea. Asiyeiona Raiders hapati kitu. Aliyeiona anapata kumbukumbu tu.

Last Crusade inafungua na mwaka 1912, Indy akiwa kijana, ameigizwa na River Phoenix, na katika mbio moja tu anapata hofu ya nyoka, mjeledi, kovu la kidevu na kofia. Ni vingi mno kwa siku moja. Naipitisha kwa sababu moja: siku hiyo anashindwa. Msalaba alioupigania unachukuliwa, na kofia anavishwa na mtu aliyemshinda. Sentensi yetu imetimia hata utotoni mwake.

8. Fedha na tuzo: zisome, zisikuamulie

Raiders ilitengenezwa kwa kama dola milioni 20 na imeingiza, pamoja na marudio yake kwenye kumbi, karibu dola milioni 390. Dial of Destiny iliingiza takriban dola milioni 384. Ukisoma tarakimu hizo tu utasema zimelingana. Lakini ya mwaka 2023 iligharimu karibu dola milioni 300, na dola ya mwaka 1981 ilinunua vingi kuliko ya leo. Moja ilikuwa ushindi mkubwa, nyingine hasara. Crystal Skull, ambayo nimeipunguzia hapa kila hatua, iliingiza karibu dola milioni 790. Mapato yanakwambia watu wangapi walitamani kuiona. Hayakwambii walitokaje ukumbini.

Raiders ilipendekezwa kuwania Oscar ya filamu bora. Hakuna mwendelezo wake hata mmoja uliofika hapo. Zisome tuzo kama kauli ya watu wa mwaka ule, basi.

Na maneno ya watengenezaji yapime pia. Spielberg mwenyewe amesema Temple ilikuwa ya giza mno na hakuifurahia. Tumshukuru kwa ukweli wake, ila daraja la kamba lipo na linajisemea.

9. Andika hukumu, halafu uiache ipoe

Hukumu nzuri ina sehemu mbili: imeifikia wapi, imeshindwa wapi. Usitoe alama za nyota kabla ya kuandika hayo, maana nyota hufuta sababu.

Zangu ni hizi. Last Crusade imeifikia ya kwanza: swali lake ni la ndani zaidi, na mwishoni, Kikombe kikiwa karibu kufikiwa kwa ncha za vidole, mzee anamwita Indiana kwa mara ya kwanza na kumwambia akiache. Anakiacha. Imeshindwa kwa Brody, na kwa kuiga mno umbo la Raiders. Temple imeipita ya kwanza kwa ujasiri na imeanguka kwa namna ilivyowachora watu. Crystal Skull haijafika, kwa sababu imemlinda stelingi wake asiumie.

Dial of Destiny ndiyo inayohitaji kupoa. Wiki ya kwanza wengi waliihukumu kwa uso wa Ford uliofanywa kijana kwa kompyuta katika tukio la mwaka 1944, na kwa urefu wake, na hayo mawili nayaandika kwenye upande wa kushindwa. Rudi uitazame baada ya miezi kadhaa, uangalie kwenye mashua, Indy anapoulizwa angerudi nyuma angefanya nini, naye anasema angemzuia mwanawe asijiunge na jeshi. Mutt amekufa vitani, Marion ameomba talaka. Angalia pia chumbani mwishoni, Marion amerudi, na Indy mzee anamuuliza yeye safari hii, ni wapi pasipouma. Anaonyesha kiwiko. Mwaka 1981 ulikuwa mzaha wa watu wawili waliochoka na mbio. Hapa panauma kweli, na kwa nukta hiyo moja mimi nimeipandisha juu ya ya nne.